Dada wa Nani? Kisa cha Kipande cha Mwisho cha Keki

Kisa hiki kilitokea Tabata, Dar es Salaam, kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wa mdogo wangu. Turubai lilifungwa kuanzia ukuta wa nyumba mpaka kwenye mwembe, viti vya plastiki vimejaa, na mtoto mwenyewe, miaka 12, amesimama katikati na gauni lake jeupe akiwa na sahani ya keki iliyokatwa vipande vidogo, kila kipande na kijiti chake. Alishawalisha bibi zake wawili na babu, wazazi, msimamizi wake, mwakilishi wa jumuiya, mwalimu wa dini, na mimi mama yake mkubwa. Mshereheshaji alikuwa anataka kuruhusu chakula. Mtoto akamvuta shati, akasema kipande kimoja kimebaki, ni cha dada.

"Dada yupi tena?" mshereheshaji akauliza kwenye maiki. "Si wewe ndiye kifungua mimba?"

Watu wakacheka. Mtoto akaonyesha kwa kidole upande wa uani, ambako masufuria ya pilau yalikuwa bado juu ya mafiga. "Dada wa kazi."

Bibi yake mzaa baba, aliyekuwa kiti cha mbele, akaona amsaidie mjukuu. "Hausigeli wao huyo, mwiteni aje." Mdogo wangu akasimama, uso umembadilika. "Mama, siku hizi hatusemi hivyo. Ni msaidizi wangu." Mshereheshaji akadaka hapohapo: "Basi vigelegele kwa msaidizi wa nyumbani!" Na vijana waliokuwa wamekaa nyuma, karibu na spika, wakapaza sauti: "Beki tatu! Beki tatu!"

Mwanamke akaja huku anajifuta mikono kwenye khanga. Ana miaka 39. Akainama, mtoto akamlisha. Mshereheshaji akamsogezea maiki aseme neno, kama walivyosema wote waliotangulia. Akasema anamshukuru mtoto kwa kumkumbuka. Halafu akasema, "Mimi ni Mama Fulani," akalitaja jina la mwanawe wa kwanza. "Wangu yuko kidato cha tatu, Singida." Akarudisha maiki, akarudi kwenye pilau.

Naandika "Mama Fulani" kwa sababu nilimwomba ruhusa ya kukieleza kisa chake, akakubali kwa sharti kwamba jina la mwanawe lisiingie. Kwa hiyo jina ambalo ndilo kiini cha habari yote halimo humu, na ni haki yake lisiwemo.

Nilibaki nimeshika sahani yangu tupu. Ndani ya dakika mbili mtu mmoja alikuwa ameitwa dada, dada wa kazi, hausigeli, msaidizi na beki tatu, na hakuna hata jina moja kati ya hayo alilolichagua yeye. La sita alijitajia mwenyewe. Kwenye nyumba ile alikuwa amekaa miaka minne. Tulijua ana watoto. Mimi ninayeenda pale karibu kila Jumapili, ninayekula chakula chake na kukisifia, sikuwa nalijua jina la mtoto wake hata mmoja.

Kuna watu wanaosema kwamba mjadala wa lugha na jinsia ni wa lugha za wengine, kwamba Kiswahili hakina tatizo hilo. Wana hoja. Sisi tuna "yeye" mmoja tu. Ukisema "amefika, ameketi, anataka chai" hujasema kama ni mwanamke au mwanamume. Mwalimu, hakimu, daktari, mwenyekiti, mbunge, yote hayo yanamvaa yeyote bila kushonwa upya. Anne Makinda alipokuwa Spika wa Bunge la Tanzania mwaka 2010, mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile, hakuna aliyelazimika kubuni neno jipya. Spika alikuwa Spika. Naipenda lugha yangu kwa hilo na nitaisifia popote.

Lakini jinsia ikikosa nafasi kwenye sarufi huingia kwa mlango wa uani. Inaingia kwenye ndoa, ambako mmoja anaoa na mwingine anaolewa. Inaingia kwenye majina ya undugu. Na inaingia kwenye majina ya kazi, hasa kazi zinazofanyika mahali ambapo mgeni haoni. Kisa cha Tabata kilikuwa kwenye makutano ya hayo mawili ya mwisho: kazi iliyopewa jina la undugu.

Nianze na Bibi, kwa sababu ndiye aliyeonekana mkosaji siku ile, na naona alionewa.

Neno "hausigeli" ni la mkopo, limetokea kwa Waingereza pamoja na nduguye "hausiboi", na yote mawili yanamwita mtu mzima mtoto. Bibi analijua hilo kuliko sisi. Marehemu mumewe aliwahi kufanya kazi kwenye nyumba ya meneja wa shamba la mkonge huko Tanga kabla ya Uhuru, na alikuwa boi. Alikuwa na mke na watoto wawili, na alikuwa boi. Zama hizo kazi za ndani kwenye nyumba za wakubwa zilikuwa hasa kazi za wanaume: kupika, kufua, kupiga pasi, kuandaa meza. Wanawake walikuja kuwa wengi katika kazi hiyo baadaye, miaka ya baada ya Uhuru, wanaume walipopata kazi za viwandani, bandarini na maofisini. Kazi ikabadilisha mikono. Ile tabia ya kumwita mfanyaji mtoto ikabaki palepale, ila sasa ikavaa gauni.

Ukirudi nyuma zaidi ya mkonge unakutana na maneno ambayo leo wengi wanayaona kwenye vitabu tu. Mjakazi na mtwana: mtumwa wa kike na mtumwa wa kiume. Unguja hali ya kisheria ya utumwa iliondolewa mwaka 1897, Tanganyika mwaka 1922. Si mbali. Mtu aliyezaliwa mwaka ule wa 1922 tumemzika juzijuzi tu. Neno "kijakazi" ungali unalikuta kwenye insha za wanafunzi likimaanisha tu msichana anayefagia, na anayeliandika hajui anachokifufua.

Bibi aliposema hausigeli hakuwa anatukana. Nilimuuliza baadaye, tukiwa tumekaa wawili tunachambua mchicha, akaniambia maneno niliyoyaandika usiku uleule nisiyasahau. Alisema: "Mimi nilikuwa na hausigeli, na tulikula sinia moja. Alipoolewa nilitoa kitanda na godoro. Nyinyi mnaita dada, halafu dada anakula jikoni amekalia ndoo." Sikuwa na jibu, kwa sababu ile ndoo ya bluu naijua. Ipo pembeni ya friji, na mara nyingi nimemwona Mama Fulani amekaa juu yake na sahani mapajani baada ya sisi kumaliza.

Lakini na Bibi naye ana upande asiouona. Wema wake ulitegemea moyo wake. Yule binti wake wa miaka ile alipata kitanda kwa sababu aliangukia kwa mtu mwenye huruma. Angeangukia kwa jirani angepata kofi, na jina lingekuwa lilelile. Neno linalomfanya mtu mzima kuwa mtoto linamweka kwenye hali ya kusubiri huruma, na hilo haliponi kwa sababu mwenye kulitamka ana roho nzuri.

Taifa hili limewahi kujaribu kusafisha namna watu wanavyoitana. Wanachama wa TANU waliahidi kwamba binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 "ndugu" likawa neno la kila mkutano na kila barua. Halikuuliza wewe ni mume au mke, tajiri au maskini. Kwa maoni yangu ni neno la heshima kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, na linanikosesha raha kwamba "mheshimiwa" ndiyo iliyorudi ikalisukuma pembeni. Lakini ndugu liliishia sebuleni. Bibi anasema mumewe alikuwa akirudi kutoka kwenye mkutano wa tawi, ndugu huyu na ndugu yule, na akiingia uani anaita, "We hausigeli, maji ya kuoga!" Yeye aliyekuwa boi.

Sasa nije kwa mdogo wangu, ambaye nampenda na ambaye aliumia siku ile kwa sababu zisizo sahihi.

Yeye ni mtu wa ofisini, msomi, na nyumbani kwake hausigeli ni neno lililopigwa marufuku. Watoto wamefundishwa kusema dada. Na kwa watoto hilo ni jambo zuri kabisa. Mtoto wa Kiswahili hamwiti mkubwa wake kwa jina tupu, na mtoto yule alipobakiza kipande cha keki alikuwa anamaanisha alichosema. Dada ndiye aliyemfunga vishikizo vya sare tangu darasa la pili. Dada ndiye aliyekesha naye siku ya homa. Kinywani mwa mtoto lile neno lilikuwa kweli.

Kinywani mwa mtu mzima linageuka kitu kingine. Mdogo wangu ni mkubwa kwa Mama Fulani kwa miaka miwili. Kwa mila zetu ndiye angepaswa kuitwa dada na si kinyume chake. Na dada wa kweli ana mambo yake katika ukoo. Dada anaulizwa kabla ya posa kujibiwa. Dada anapewa kiti, na akija anapikiwa. Dada anaweza kukugombeza ukanyamaza. Katika hayo yote Mama Fulani alikuwa na lipi? Alikuwa na lile moja ambalo undugu unalifaa sana mwajiri: dada hadai malipo ya saa za ziada. Huwezi kumwambia ndugu yako saa zimeisha, naenda kulala.

Hapo ndipo pana ubaya ambao hausigeli, kwa ukali wake wote, haukuwa nao. Neno lile la zamani lilidhalilisha waziwazi, na kila mtu alijua kuna bwana na kuna mtumishi. Neno jipya linapendeza, na kwa kupendeza kwake linaificha ajira. Nilimwona mdogo wangu mwaka juzi akimtambulisha kwa mgeni: "Huyu dada yangu, sisi hapa ni familia tu." Mgeni akafurahi. Na kweli mshahara ulikuwa unalipwa, shilingi 100,000 kila mwezi, zaidi ya kiwango cha serikali cha wakati ule kwa mfanyakazi anayeishi kwa mwajiri. Amri ya kima cha chini iliyoanza 1 Januari 2023 ilikiweka kwenye 60,000. Upande wa pesa mdogo wangu hakuwa mtu mbaya. Lakini Mama Fulani alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa nne usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida 45 kwa wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ukitoa hata saa mbili za kupumzika mchana, siku tatu zinatosha kufikisha zile 45. Na likizo? Alikuwa akiruhusiwa kwenda kusalimia nyumbani, neno lililotumika ni hilo, kusalimia, siku tano au sita za Krismasi. Ndugu huenda kusalimia. Mfanyakazi huenda likizo. Tofauti ya kitenzi hicho ilikuwa inamgharimu zaidi ya siku 20 kila mwaka.

Halafu tazama getini. Nyumba ile ina mlinzi wa usiku, mwanamume. Anaitwa mlinzi. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, na akiombwa kufagia uwanja anasema kwa adabu kwamba hiyo si kazi yake, na hakuna anayemshangaa. Yupo na mtu wa bustani anayekuja mara mbili kwa wiki. Akiwepo dereva ni dereva. Mwanamume anayefanya kazi kwenye nyumba ya watu anapewa jina la anachokifanya, na jina hilo linamwekea mpaka. Mwanamke anapika, anafua, analea, anasafisha, anaenda gengeni, anampeleka mtoto kwenye gari la shule, anamhudumia mgonjwa, na badala ya jina la hata moja kati ya kazi hizo anapewa jina la undugu lisilo na mpaka wowote. Sijapata kusikia mlinzi akiitwa "kaka wa kazi". Hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote: jinsia hapa haiko kwenye tusi, iko kwenye adabu yenyewe.

"Msaidizi" nalo nililitafakari, kwa kuwa mdogo wangu alilitoa kama dawa. Linasikika safi, halina mwanamke wala mwanamume ndani yake. Lakini msaidizi ni lazima awe msaidizi wa mtu. Ukiuliza wa nani, jibu ni lile alilolitoa yeye mwenyewe mbele ya watu: "wangu". Shemeji yangu alikuwa amekaa pale pembeni yake. Nguo zinazofuliwa ni zake, chakula kinachopikwa anakila, watoto wanaolelewa ni wake. Hakuna aliyefikiri kusema ni msaidizi wake. Kwa neno moja tu la staha mdogo wangu alikuwa amekubali kwamba kazi zote za nyumba ile ni zake kwa kuzaliwa, na kwamba yeye amepata tu wa kumpokea mzigo. Nilipomwambia hivyo alikaa kimya muda mrefu. Baadaye akasema, "Na kweli, akiumwa dada, anayechelewa kazini ni mimi."

Kuhusu vijana wa beki tatu sina mengi. Ni neno la mpira lililogeuzwa la dharau, linatamkwa na watu ambao sahani zao alikuwa anazipakua yeye.

Wapo watakaosema, kama alivyosema shemeji jioni ile, kwamba tunapoteza muda; maneno hayabadilishi maisha, ongezeni mshahara basi. Nina sababu ya kuliheshimu pingamizi hilo. Maneno peke yake kweli hayashiki. Tazama "mtumishi". Kanisani mtumishi wa Mungu anapewa kiti cha mbele, serikalini mtumishi wa umma ana pensheni. Likiingia jikoni neno hilohilo linasinyaa. Tazama na shina la Kiarabu lililotupa "huduma". Mhudumu wa afya anavaa sare na anasalimiwa kwa heshima. Dada zetu waliokwenda Muscat na Riyadh wamerudi na neno la shina lilelile, kadama, yaani mfanyakazi wa ndani, na wengi wao hawapendi kulisikia tena. Neno linachukua hadhi ya mahali lilipowekwa.

Lakini shemeji anasahau kwamba kuna mlango unaofunguliwa na neno tu. Tarehe 16 Juni 2011 huko Geneva Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa nyumbani. Kazi kubwa ya mkataba ule, kabla ya mishahara na mapumziko, ilikuwa kusema wazi kwamba hawa ni wafanyakazi kama wafanyakazi wengine. CHODAWU, chama ambacho kinawaandikisha wafanyakazi wa majumbani kwetu, kinaweza kumtetea mfanyakazi. Hakiwezi kumtetea dada. Mtu akienda kudai malimbikizo yake, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama palikuwa na ajira, na mwajiri aliyezoea kusema "huyu tulikuwa tunaishi naye kama ndugu" ana jibu tayari mdomoni. Nimelisikia jibu hilo, kutoka kwa mtu ninayemfahamu, dhidi ya mwanamke aliyemfanyia kazi miaka tisa.

Mimi mwenyewe sina mtoto. Nalisema hili kwa sababu ya hatua iliyofuata, maana baada ya sherehe ile mdogo wangu alitaka kutatua jambo haraka, akasema kuanzia sasa kila anayefanya kazi kwake ataitwa Mama wa mwanawe. Nikamzuia. "Mama Fulani" ni heshima kubwa kwetu. Ni jina analolipata mwanamke mtaani kwake pindi tu anapojifungua, na kulipoteza mlangoni mwa nyumba ya mwajiri ni kuvuliwa utu uzima. Lakini si kila mwanamke ana mtoto, na si kila aliye naye anataka kubebeshwa jina la mwanawe kama kitambulisho. Kazini wapo wanaoniita "mama" tu, wakidhani wananipandisha, na kila mara kuna kitu kidogo kinanichoma. Wenzetu wa Unguja na Mombasa wana "Bi" na jina lako mwenyewe, na kwangu hilo lingetosha kabisa. Nikamwambia mdogo wangu, badala ya sisi wawili kukaa kwenye kochi tukichagua, tumuulize.

Tulimuuliza siku ya Jumatano, mchana, watoto wakiwa shule. Mdogo wangu alimwambia akae. Akatafuta ndoo kwa macho, kwa mazoea. Nikavuta kiti cha meza ya chakula. Alikaa kwenye ukingo. Mwanzoni alisema jina lolote sawa tu, bosi. Ilibidi tungoje. Halafu akasema, akihesabu kwa vidole kama mtu aliyekuwa na jibu siku nyingi:

"Watoto waendelee kuniita dada, nimewazoea nao wamenizoea. Wewe niite Mama Fulani kama wanavyoniita kwetu. Na kwenye karatasi, kama kutakuwa na karatasi, andika mpishi na mlezi. Kufua na usafi nitafanya, lakini kazi ninayoijua ni kupika na kulea."

Karatasi hiyo haikuwepo. Miaka minne hakukuwa na hata ukurasa mmoja ulioandikwa, ingawa sheria inataka maelezo ya ajira yawe kwa maandishi, na ingawa mdogo wangu kazini kwake hangekubali kuanza Jumatatu bila mkataba. Tuliiandika hapohapo mezani kwenye daftari la mtoto la mazoezi, tukaipiga chapa baadaye. Mahali pa jina liliwekwa jina lake kamili, matatu, ambalo mdogo wangu alilazimika kumuuliza linavyoandikwa. Mahali pa kazi: mpishi na mlezi. Saa za kuanza na kumaliza zilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko mshahara, na hapo ndipo shemeji alipotoka chumbani akaambiwa kwamba chai ya saa kumi na moja alfajiri atajichemshia. Hakufurahi. Aliichemsha.

Jambo jingine lilijitokeza wakati wa kuandika namba ya simu. Mdogo wangu alifungua orodha yake ya majina kuitafuta. Mama Fulani alikuwa ameandikwa "Dada Mpya". Juu yake palikuwa na "Dada Iringa", "Dada wa zamani", na "Dada 2". Wanawake wanne waliowalea watoto wake kwa miaka 11, na watatu kati yao hakulikumbuka jina hata la kwanza. Alijaribu kupiga zile namba jioni ile. Mbili hazipatikani. Ya "Dada Iringa" ilipokelewa na mwanamume aliyesema amekosea namba.

Desemba iliyofuata Mama Fulani alipanda basi pale Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya baada ya siku 28. Mtoto alilia. Bibi alikuja kukaa kusaidia kulea, na bado anasema hausigeli, akiuliza kila asubuhi hausigeli wao anarudi lini. Wiki ya pili mdogo wangu alinipigia simu usiku, amechoka, anakunja nguo. Aliniambia shemeji ameuliza pilipili manga inakaa kabati gani, na kwamba yeye mwenyewe hakujua, ikabidi wapige simu Singida kumuuliza Mama Fulani.